Bibi wa Sydenham

Japhet hakwenda kwenye matembezi yale kwa kupenda vitabu. Darasa la nne lilimtosha, na kitabu cha mwandishi Machano hakuwahi kukifungua. Alikwenda kwa sababu Jumamosi iliyopita, akifua uani kwake, alimsikia Serge, Mkongomani anayeongoza wageni, akisema nje ya geti: "Humu ndani mwandishi alikaaka na bibi yake, mama Ernestina."

Ernestina alikuwa mke wa Japhet kwa miaka thelathini na sita. Alifariki mwaka juzi, akisubiri upasuaji ambao wakubwa wa hospitali walimpangia tarehe ya mbali kuliko uhai wake. Sasa wakubwa wengine wamegundua kwamba marehemu Machano, kijana wa Unguja aliyepanga chumba kwa Japhet na mkewe huko Sydenham kabla jina lake halijavuma, analeta watalii. Wakachora nyayo zake mtaa kwa mtaa: Berea alikouza vitabu vikuukuu, Sydenham alikoandika, Queensburgh alikopunga upepo mtoni. Mtu akiwa hai anaomba karatasi za kuishi nchini humu, wanamzungusha kama pia. Akifa na sifa, wanamtafutia ukuta wa kumtundika.

Waliteremka kutoka Berea kwa miguu, watu kumi hivi. Serge mbele na mwavuli mwekundu; nyuma bwana mmoja wa serikali, amekumbatia kitu bapa kilichofungwa kitambaa. Japhet hakukiondolea macho.

"Mzee, na wewe unamfuata Machano?" akamwuliza Atupele, mwanafunzi kutoka Mbeya, kitabu mkononi.

"Namfuata. Akisimama namkamata."

Binti akacheka. Japhet hakucheka.

Alikuwa na lake moyoni. Mwaka ule wa Machano, yeye alilinda ghala Pinetown, mji wa jirani, akirudi nyumbani Jumapili tu. Maneno yakazagaa mtaani. Aliyameza miaka ishirini, yakaja kumtoka kando ya kitanda cha hospitali: "Ernestina, wewe na yule kijana mlikuwa na nini?" Mkewe alimtazama, akageukia ukutani. Hakujibu siku ile, wala kesho yake, wala keshokutwa. Mtondo akafa.

Wakafika getini. Serge akapaza sauti: "Tunasoma ukurasa wa kwanza: 'Kwa bibi yangu wa Sydenham, aliyenilisha.' Ye anaandika, bibi anamupikia. Mapendo ile!"

Wageni wakaguna kwa utamu. Bwana wa serikali akafunua kitambaa: kibao cha shaba, maneno ya Kiingereza. Kiingereza cha Japhet ni cha getini, lakini *wife* alilijua; ndilo alilomwandikia Ernestina kwenye fomu za wakubwa miaka yote. Fundi aliyekuja naye akachomeka keekee ya umeme, ikalia.

Japhet akaenda kuupa mgongo ukuta.

"Toboa. Anza na mimi."

"Papa, nini tena?" Serge akashtuka.

"Ernestina ni mke wangu. Wa ndoa. Wa kanisani."

Keekee ikazimwa. Mtu mmoja akakohoa kuficha kicheko.

"Pole, papa. Lakini si mimi. Ye mwenyewe aliandika bibi."

"Bibi ndiyo mke?"

"Sasa ni nini? Kwetu Lubumbashi, bibi ni muke ya mutu."

"Na mama aliyemzaa mama yako unamwitaje?"

"Ule ni nkambo."

Atupele akajishika kinywa. "Jamani, kaka Serge! Machano ni Mzanzibari. Bibi wa kwao ndiye huyo nkambo wako!"

"Eish," akasema Serge, na mwavuli ukashuka.

Bwana wa serikali alipofahamishwa, alifuta jasho. Kibao kimeshachongwa, akasema, na mkubwa wake ameshatia saini. Si kingekaa tu kwa muda?

"Saini ya mkubwa wako ndiyo imemwoza mke wangu akiwa kaburini?"

Alisema kwa ukali. Lakini neno bibi peke yake halikumtosha. Mwanamume aweza kumwita mwanamke bibi mbele za watu, na faraghani akamwita vingine.

"Binti," akasema, sauti imeshuka. "Kitabuni mna mahali pengine anapomtaja? Soma. Hata kama ni pabaya, soma."

Atupele akapekua, akapekua tena. Akasoma:

"'Nilitaka kumwita mama, akakataa. Mume wangu yuko Pinetown siku sita, alisema. Nikiitwa mama, watu watauliza nimekuzaa na nani. Niite bibi. Jumapili moja nilinyemelea firigisi chunguni, akanichapa mkono kwa mwiko: Wacha, mjukuu wangu. Hiyo ina mwenyewe, na mwenyewe yuko njiani.'"

Japhet akaisikia sauti ya mkewe, na ule mzaha wake. Jumapili zote zile alikuta firigisi juu ya sahani yake, akaila bila kuuliza imebakije.

Bwana wa serikali akakifunga kibao akaondoka nacho, akiahidi barua. Serge akaomba radhi mara mbili, akawaongoza wageni kwenye basi la Queensburgh.

Japhet alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani. Kwa kila jambo la maisha yake alikuwa na mkubwa wa kumlaumu. Kwa lile swali la hospitalini alitafuta, asimpate.

"Mzee," Atupele akanong'ona, "basi linaniacha."

"Lisubiri. Rudia hapo pa mwiko."