Albamu Iliyogeuka Chenji

Kinyozi alimlipa Chiriku kwa albamu yake mwenyewe. Alipokea vitambaa vyake sita vilivyopigwa pasi, akavinusa, akasema, "Mkono wako una baraka, dada." Kisha akamhesabia kadi tatu za mtaa na cheti kimoja cha kijani, chenye picha ya Chiriku akicheka meno yote nje.

"Hiki si cheti changu?" aliuliza Chiriku.

"Ndicho. Kizuri hicho, hata muuza mkaa anakipokea."

"Kaka, hii si pesa! Unakileta kwangu na simu yako, nami nakuwekea nyimbo kumi."

"Ukishaziweka, cheti si umekichukua? Mkaa nitanunulia nini?"

Kinyozi akabeba vitambaa vyake, akaondoka. Pale mtaani pesa ilikuwa adimu lakini mikono ilikuwa tele, ndiyo maana majirani walijitengenezea kadi zao: kadi moja, kazi ya nusu saa. Chiriku, mpiga pasi mwenye koo la kuimba toka utotoni, alichuma kadi hizo miaka miwili mizima, na kila mwezi akalipia nazo kipande cha albamu. Fundi wa studio, aliyepigilia magodoro ukutani nyuma ya gereji, alikubali kulipwa kwa kadi, maana hata yeye alihitaji kunyolewa na kupata mkaa wa kupikia. Kila wimbo ulikuwa na mashati yake. Kuna mmoja, wenye kiitikio kirefu, uliokula suruali mia na arobaini.

Albamu ilipokamilika, Chiriku alichapisha vyeti mia mbili kwa mchapaji yuleyule wa kadi za mtaa. Na yule bwana, kwa ubahili wake, akatumia karatasi ileile ya kijani na mhuri uleule. Aliviuza kwa kadi, vikaisha kwa siku mbili. Chiriku alicheza na pasi mkononi hadi akaunguza kola ya mtu. Halafu ikapita wiki, zikapita mbili, asije hata mmoja na simu.

Roho ilimuuma sana. Hasara hakuwa nayo, kadi zake alishazipata. Kilichomuuma ni kwamba mtaa mzima ulitembea na sauti yake mfukoni na hakuna aliyeisikia. Alikwenda moja kwa moja kwa shangazi yake, mweka hazina wa kadi, akamsimulia.

Shangazi alicheka mpaka akashika meza. "Wenzio wanalia hawauzi, wewe unalia umeuza kupita kiasi!"

"Shangazi, usinicheke bwana."

"Haya, nimeacha. Kadi zetu zisipotumika, inakuwaje?"

"Mwisho wa mwezi zinakufa."

"Na vyeti vyako vinakufa lini?"

Chiriku akakigeuza cheti alichopewa na kinyozi. Hakuandika tarehe.

"Ndipo ulipokosea, mwanangu. Kitu kisichokufa nani ana haraka nacho? Leta kalamu."

Jumamosi asubuhi tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye kioski cha maji: vyeti vya Chiriku mwisho leo, saa kumi jioni. Loo! Kufikia saa mbili foleni ilikuwa imezunguka kona. Watu walisukumana, wakatupiana maneno, wakacheka. Muuza mkaa alikuja na vyeti kumi na kimoja na simu moja yenye kioo kilichopasuka.

"Niwekee mara kumi na moja," alisema. "Haki yangu siiachi."

"Baba, zitakuwa nyimbo zilezile!"

"Si nimezilipia?"

Chiriku alicheka hadi machozi, akamwekea mara moja, akamwahidi kumpigia pasi mashati kumi. Mzee akakubali huku akinung'unika kwamba kaibiwa.

Saa kumi ilipogonga, mezani palikuwa na vyeti mia moja na tisini na vinne. Chiriku alirudi kwenye lundo lake la nguo, miguu inawaka moto. Upande wa pili wa barabara, nyuma ya magunia ya mkaa, simu ilianza kuimba. Alijua sauti ile ni yake, na bado ilimtia haya. Wimbo ukafika kwenye kiitikio, ukakatika ghafla.

Chiriku akainua pasi kutoka kwenye shati, akaishikilia hewani. Kimya. Muuza mkaa alikohoa, akamwambia mteja asubiri kidogo.

Kisha wimbo ukaanza tena, toka mwanzo, kwa sauti kubwa zaidi.