Usukani Ukikata Kushoto

Dada yake fundi aliisukuma pikipiki mpaka mlangoni mwa gereji, akaiegemeza kwenye stendi ya pembeni, akaiwasha. Hakuna aliyegusa mkono wa mafuta, lakini injini ilinguruma utadhani inapanda mlima.

"Itulize, mdogo wangu, niende nayo kazini," alisema. "Yule bingwa wako wa mbio hapandi kitu miezi mitatu."

Bingwa wa mbio ndiye mumewe. Wiki mbili nyuma, akikata kona polepole kwa maneno yake mwenyewe, pikipiki hii hii ilimchomoka ikavaa ukuta, na mguu ukavunjika. Aliapa kwamba ilikwenda yenyewe. Mkewe hakumwamini, alimpelekea chakula kitandani bila kumsemesha. Fundi naye alimcheka shemeji yake mbele ya watu.

Mtaani walimwita Fundi Nadhifu, maana hakuvumilia waya unaoning'inia. Kila pikipiki iliyopita mikononi mwake ilitoka nyaya zake zimebanwa kwa vipande vya tyubu kuukuu, zimenyooka kama nywele zilizosukwa.

Akaipandisha kwenye stendi ya kati, usukani ukatazama mbele. Injini ikatulia. Akamtania dada yake kwamba hata chuma kinamwogopa. Dada, bila kucheka, akairudisha kwenye stendi ya pembeni. Usukani ukalala kushoto, ngurumo ikarudi.

Utani ukamwisha. Akalegeza skrubu ya kabureta, wapi. Akamwagia maji mpira wa kabureta, akitafuta ufa unaovuta hewa, mlio haukubadilika. Ndipo akaushika usukani, akauleta katikati. Injini ikatulia. Kushoto, ikapiga kelele. Katikati. Kushoto.

Akaufuata kwa kidole waya wa mafuta, kutoka mkononi kushuka chini, mpaka kidole kikagota. Kipande cha tyubu kilikuwa kimeubana waya kwenye fremu, fundo dogo, zuri. Usukani ukikata kushoto, waya unavutika, na injini inapewa mafuta bila mtu kugusa kitu.

Fundo lilikuwa lake. Alilifunga siku mbili kabla ya ajali, akaijaribu pikipiki kwenye stendi ya kati, usukani mbele, kama anavyozijaribu zote.

Akakaa sakafuni kwenye mafuta machafu. Kisu kilikuwa mfukoni. Angelikata lile fundo, aseme ni skrubu tu, na hakuna ambaye angejua. Shemeji angebaki mwongo nyumbani kwake.

"Hakukimbiza," alisema. "Ilikwenda yenyewe kweli. Nimeifunga vibaya mimi."

Dada alimtazama. Kisha akaukata usukani kushoto kwa mkono wake mwenyewe, akasikia, akauachia kama umemuunguza.

"Wiki mbili simsemeshi mume wangu," alisema kwa sauti ndogo. "Funga gereji. Unakwenda kumwambia mwenyewe."

Shemeji aliwasikiliza akiwa amelala, mguu wake mweupe kwa plasta juu ya mto. Fundi alieleza kila kitu, hakujitetea. Mke alikaa ukingoni mwa kitanda, akaushika mkono wa mumewe. Mgonjwa hakuuondoa mkono, wala hakumtukana mtu. Alikuwa anafikiri.

"Shemeji," alisema mwishowe, "ngapi nyingine umezifunga hivyo?"

Fundi alianza kuhesabu kwa vidole. Vya mikono yote miwili vilipokwisha, alisimama, akatoka mbio na kisu chake kwenda kuzitafuta.