Pazia la Chumba cha Mama

Kazi yangu ni kufuta. Watu wanaweka mtandaoni video za kuchinja na kuchoma wenzao, mimi naziangalia kabla hujaziona wewe, nabonyeza "futa", inakuja nyingine. Msimamizi alitufundisha namna ya kubaki na akili timamu: zima sauti, ondoa rangi, usiangalie sura, angalia mikono. Mkono ukishika kisu, futa. Sekunde nane zinatosha.

Kwa miezi mitatu nilimfuta mtu mmoja aliyefunika uso kwa kitambaa, akihutubia mbele ya pazia, panga mkononi. Maandishi ya chini yalisema wageni watoke mtaani kwetu au watolewe kwenye majeneza. Sikuwahi kumsikia. Tena nilijisifu kwa kasi yangu, mpumbavu mimi.

Asubuhi ile jirani yangu wa meza, aliyeanza kazi wiki hiyo, alikuwa bado hajaondoa rangi kwenye skrini yake.

"Shoga, hebu ona. Huyu muuaji ana pazia zuri kuliko langu!"

Nikachungulia nikicheka. Pazia la njano, maua ya kijani, na kwenye pindo kiraka cha bluu. Kiraka kile nilikishona mimi, siku nilipounguza pazia la mama kwa pasi.

Nikamnyang'anya vipokea sauti. Aliyekuwa akisema ni mdogo wangu, fundi umeme, yule anayemlisha mama uji kwa kijiko.

"Kesho saa nne mmoja wao anaingia chumba hiki kwa miguu yake. Mtaona moja kwa moja."

Video ilikuwa ya jana. Nakala ya kwanza niliifuta mwenyewe, jana mchana, kwa sekunde sita. Ningesikiliza, ningekuwa na siku nzima. Sasa ilikuwa saa nne kasorobo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu nilikuwa nakifuta kila siku.

Huyo mgeni nilimjua. Ni muuguzi, alivuka mpaka miaka saba iliyopita, na kila siku saa nne anakuja kumfunga mama kidonda cha mguu. Nilichukua simu yangu kwenye kabati la mlangoni, tunakoziacha tukiingia kazini, nikampigia huku natimua mbio. Hakupokea. Akishavaa glavu hagusi simu. Nikawapigia polisi, wakasema wanakuja. Mitaa mitatu niliimaliza roho mkononi.

Nilisukuma mlango. Simu ya mdogo wangu ilikuwa juu ya kabati la mama, inarusha video moja kwa moja. Muuguzi alikuwa sakafuni, ameinua mkono kujikinga, nyama imefunguka toka kiwiko hadi kiganja. Damu ilikuwa imerukia shuka la mama. Mdogo wangu akainua panga tena.

"Acha, wewe! Huyu ndiye anayemuuguza mama!"

"Toka, dada. Huyu si mwenzetu."

"Na mimi je?"

"Wewe? Wewe kazi yako ni kutufuta."

Pasi ilikuwa mezani, ile ile, ya chuma. Nikampiga nayo kisogoni. Akageuka na panga, nikampiga juu ya sikio, nikausikia mfupa ukivunjika. Akaanguka, panga likamtoka. Nikampiga ya tatu. Hiyo haikuwa na haja, najua, ilikuwa hasira tu.

Muuguzi alitambaa hadi kwake, akamfunga kichwa kwa bendeji za mama, damu yake mwenyewe ikimwagika. Gari la polisi lilipofika, mdogo wangu alikuwa ameshakata roho.

Polisi waliandika kwamba niliokoa maisha ya mtu. Kuhusu pigo la tatu walinyamaza.

Nilirudi kazini baada ya mwezi. Wenzake mdogo wangu wamemfanya shujaa, wanairudisha mtandaoni video ya kifo chake kila siku. Tukiifuta hapa inaota pale. Leo imeangukia meza yangu. Mikono miwili ya mwanamke, imeshika pasi. Sheria inasema futa.

Niliwasha sauti kwanza. Siku hizi nawasha. Mama haonekani, lakini anasikika kitandani akilia, "Mwanangu, acha! Mwanangu, utaua!"

Nimeshamuuliza alikuwa anamwambia nani kati yetu. Aligeukia ukutani, na hadi leo chakula nikimpelekea mimi hakigusi.

Niliisikiliza mara tisa. Kisha nikabonyeza "futa", ikaja nyingine.