Sigara Arobaini na Moja za Ukutani

Silvère alianza kuvuta sigara akiwa na miaka kumi na mitano, na sasa alikuwa na thelathini, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe uone nusu ya maisha yake ilikopotelea. Kazi yake ilikuwa kuchora mabango. Kila kinyozi na kila fundi baiskeli kutoka Nyamirambo hadi Biryogo alikuwa na ubao wa Silvère mlangoni, na ukiusogelea ukanusa, ndani ya rangi ulisikia tumbaku. Mwenyewe alikuwa mgeni katika nchi ile, Mrundi wa Buyenzi, Bujumbura, mwembamba, mcheshi, na kiangazi kile cha mwaka 1993 alikuwa amependwa. Aliyempenda ni Spéciose, fundi cherehani. Hapo ndipo taabu zilipoanza.

Maana Spéciose hakuwa na baba. Baba yake alikufa kwa kifua, sigara mkononi mpaka wiki ya mwisho, na neno la nani amwoe binti lilibaki kwa shangazi yake, Gahongayire, mwenye baa pale Nyamirambo. Usimwone Gahongayire mfupi vile ukamdharau. Alimtazama Silvère kutoka utosini hadi kwenye vidole vyake vya manjano, akasema bila kupandisha sauti:

"Kijana, mimi sikukatai. Uko mtu mzuri. Lakini kaka yangu nilimzika kwa mikono hii, na mtoto wake sitampa dohani."

"Nitaacha, shangazi."

"Kila mtu anaacha akiwa mbele yangu. Nataka uache mahali ambapo nakuona."

Akamwonyesha ukuta. Ulikuwa ukuta mrefu wa uani, hatua ishirini, mweupe, hauna kitu. Zamani Gahongayire alimpikia mama mmoja wa Kibelgiji huko Kiyovu, na mama yule alipofunga mizigo kurudi kwao alimwachia sufuria tatu, mapazia, na kitabu kikubwa chenye picha zote walizochora Wazungu tangu walipojifunza kuchora. Miaka mitatu Gahongayire alikuwa akikifungua Jumapili baada ya misa na kukifunga tena, na roho ilimwuma kwamba sebule ya Kiyovu ilikuwa na picha ukutani na baa yake ilikuwa na kalenda tu.

"Utanichorea kitabu hiki chote," alisema. "Kwa mpangilio wake. Usiruke karne hata moja, mimi si mtu wa kurukaruka. Ukifika mwisho hujavuta, nitakusimamia siku ya kuposa. Ukivuta hata moja, hata nusu, Spéciose utamsikia kwa majirani."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Silvère akabusu kitabu, akavuta sigara ya mwisho pale pale langoni kwa ruhusa, akaikanyaga, akaingia ndani kuanza Ulaya.

Siku ya kwanza ilikuwa ya ng'ombe wa mapangoni, waliochorwa kabla ya Yesu na kabla ya kila mtu. Silvère alipiga mistari ya miraba kwa uzi wa chaki, kama anavyofanya kwenye mabango, akashika brashi, na akili yote ikakimbilia sigara. Ng'ombe wa tano alitoka na miguu sita. Kwa aibu akamwongezea pembe, ndefu, zilizopinda kama pinde mbili, mpaka wateja wa jioni walipoingia wakasimama na chupa zao mkononi.

"Hizi ni inyambo kabisa," mmoja alisema, akimaanisha ng'ombe wale wa fahari wa wafalme wa zamani. "Kumbe Wazungu nao walianza vizuri."

Siku ya tatu Silvère alikuwa ametafuna karanga kilo nzima na mipini ya brashi mbili. Aliwachukia wote. Alimchukia kinyozi wa ng'ambo ya barabara kwa sababu alikuwa anapumua kwa raha. Spéciose alipoleta chai, alimwambia kwamba sukari ina kelele, na Spéciose, badala ya kununa, alicheka mpaka akakaa chini. "Shangazi anasema ukifika kwa malaika wanene utakuwa umepona," alimwambia. "Nimewatafuta kitabuni. Wako ukurasa wa tisini."

Ukurasa wa tisini ulikuwa mbali. Kwanza walikuwepo watakatifu, karne nyingi za watakatifu, bapa, macho makubwa, nyuma yao dhahabu tupu. Na siku ya nne, saa kumi alasiri, saa ile ambayo mvutaji hata akiwa kaburini anaikumbuka, Silvère alikuwa anamalizia mtume mmoja aliyeinua mkono kubariki. Vidole viwili vimenyooka juu, vimeachana kidogo. Viko wazi. Silvère alivitazama. Akatazama pembeni. Akavitazama tena. Kisha akachovya brashi kwenye nyeupe, akapiga mstari mmoja mdogo kati ya vile vidole, akaweka nukta nyekundu kwenye ncha, na juu yake uzi mwembamba wa moshi wa kijivu. Moshi ule aliuchora polepole mno, akipumua nao, na ulipokwisha kupanda hadi kwenye dhahabu, hamu ilikuwa imeondoka. Imeondoka kabisa, kama mgeni aliyekuja akakuta mlango umefungwa. Silvère akapiga ishara ya msalaba, akamwomba mtume msamaha, akarukaruka peke yake uani.

Kuanzia siku hiyo hakuna aliyemshika. Hamu ikija, anamtafutia mtu wa ukutani sigara. Wakuu wa Italia wenye kofia nyekundu walipata. Yule bibi anayetabasamu nusu aliwekewa ya akiba nyuma ya sikio. Mfalme mmoja wa Hispania alishika mbili. Bikira Maria na Mtoto hakuwagusa, mipaka anayo, lakini mchungaji aliyepiga magoti nyuma yao alionekana kupumzika vizuri. Na Silvère aligundua jambo ambalo alimweleza kila mteja aliyekubali kusimama: kwamba kitabuni, miaka elfu na mia tano mfululizo, hakuna Mzungu hata mmoja anayevuta. Walikatwa vichwa, walichomwa mishale, walipaa mbinguni, na hakuna aliyetoa hata kiberiti. Halafu unafungua ukurasa, unafika kwa Waholanzi, na baa nzima iko na viko mdomoni. Wanacheza karata kwa moshi, wanalia kwa moshi. Silvère aliwachora siku mbili bila kuwaongezea chochote, akiwaonea wivu mpaka machozi yakamtoka.

Sasa, watu wa Nyamirambo wamezoea kwamba ukuta uliochorwa unauza kitu. Kichwa kikichorwa ni kinyozi, kuku ni supu. Siku za mwanzo walikuwa wameutazama ukuta wa Gahongayire na kuulizana wale watu wenye huzuni wanauza nini. Sigara zilipoanza kuonekana, mioyo ikatulia. Kumbe ni tangazo. Mzee mmoja alikaa mbele ya mfalme wa Hispania akaagiza bia na sigara mbili, "kama za yule pale." Siku ya kumi na sita kila meza ilikuwa inaagiza sigara, na Gahongayire, aliyekuwa haweki hata pakiti moja siku hizo kwa ajili ya Silvère, alitoka jikoni na mwiko mkononi kutaka kujua wazimu huu umetoka wapi. Akafuata vidole vya wateja hadi ukutani. Akatembea ukuta mzima, taratibu, kutoka kwa ng'ombe, akihesabu kwa midomo. Alisimama kwa mtume.

"Silvère. Huyu mtume anavuta nini?"

Silvère aliteremka kwenye ngazi. "Anavuta badala yangu, shangazi."

"Na hawa wote?"

"Wote badala yangu."

Gahongayire alimshika kidevu, akamfungua mdomo kama mnunuzi wa mbuzi, akanusa. Akamnusa vidole, nywele, kola. Hakukuwa na kitu ila rangi na karanga. Kwa muda ilionekana kama atacheka, lakini hakucheka.

"Ziko arobaini na moja," alisema. "Sijui kama hizi ni sigara au si sigara. Akili yangu imefika mwisho. Wazee wataamua Jumamosi ya kuposa, mbele ya watu wote, na nitakubali watakachosema. Maliza karne."

Silvère akamaliza karne bila kuongeza sigara hata moja. Alichora alizeti, akachora wanawake wenye macho mawili upande mmoja, akachora mwisho wa kitabu, ambao ulikuwa miraba mitupu ya rangi, na akaona kwamba Wazungu wenyewe walikuwa wamechoka. Hakulala vizuri hata siku moja. Angeweza kuacha tumbaku, alishaona. Kumwacha Spéciose asingeweza, na sasa jambo lenyewe lilikuwa mikononi mwa wazee.

Jumamosi ikafika. Viti vilipangwa uani, pande mbili zikitazamana, ukuta katikati yao. Kuposa kwa kule ni ugomvi wa heshima: kila upande una msemaji wake, na msemaji wa upande wa binti lazima akatae kwanza, hata kama ameshaonja pombe ya mahari. Msemaji wao alikuwa mzee Rugamba, mwalimu mstaafu. Wa Silvère alikuwa rafiki yake Ismaël, mchinjaji wa Biryogo, mtu mwenye tumbo na sauti. Binti mwenyewe hufichwa chumbani na haonekani mpaka aitwe.

"Binti huyo hatuna," Rugamba alianza. "Ameingia utawa."

"Tumetoka kwa masista sasa hivi," Ismaël alijibu. "Wamesema hawamtaki, anacheka sana kanisani."

Watu wakapiga makofi. Rugamba alisema binti ni mdogo, Ismaël akasema atakua njiani. Wakaendelea hivyo saa nzima, raha tupu, mpaka Rugamba aliposafisha koo na kugeukia ukuta, na Silvère akahisi shati limemganda mgongoni.

"Tuliweka sharti moja. Asivute. Nahesabu pale sigara arobaini na moja, zote zinawaka. Mwenye kuzitamani kiasi hicho ameziacha wapi? Mkono ndio uliovuta."

Ismaël alisimama, akavuta suruali, akautazama ukuta kwa makini kama anayechagua nyama.

"Mzee wangu umesema kweli. Sigara ya kuchora ni sigara. Nashukuru sana, maana umenipunguzia safari. Pale mwanzo naona ng'ombe wanane, inyambo halisi, mmoja ana miguu sita. Wahesabuni, ndio mahari yetu. Wale walioko njiani nitawarudisha buchani."

Kelele iliyofuata ilisikika hadi barabarani. Watu walilaliana mabegani kwa kicheko. Rugamba aliinua mikono yote miwili, akasema sigara za ukutani si sigara, si sigara kabisa, na ng'ombe waletwe wenye kupumua. Gahongayire alicheka mpaka akalegeza kilemba. Silvère alikumbatiana na kila aliyekaribia, hata mpiga picha.

Hapo ndipo Nyogokuru Mukasine alipoomba kijana asogezwe. Alikuwa bibi mzaa mama wa Spéciose, ametoka Gitarama asubuhi ile, mwenye umri ambao hakuna aliyeujua, na alikaa kwenye mkeka na kiko chake chenye mrija mrefu, kama wanavyovuta bibi wa rika lake. Hadithi ya sharti hakuwa ameisikia, masikio hayakuwa yanafika huko. Aliona tu kijana amemfurahisha. Na katika ukoo ule, Nyogokuru akimkubali mkwe, humpa kiko chake avute mara moja. Baba yake Spéciose alipewa hicho hicho. Bibi akakishika kwa mikono miwili, kinafuka, akamnyooshea Silvère.

Gahongayire alinyanyuka kitini, akakaa tena. Nani atamkatalia bibi wa miaka ile baraka yake? Silvère alipiga magoti akakipokea, na moshi ukamwingia puani, mtamu, wa kweli, siku ishirini na tatu zote zikamwitikia mwilini. Rugamba hakumwangalia.

"Nyogokuru," Silvère alisema kwa sauti ndogo, "nakitaka mno. Ndio maana siwezi."

Bibi hakusikia. Akamhimiza kwa kidevu.

Mlango wa chumba ukafunguka. Spéciose alitoka kabla ya kuitwa, jambo ambalo hakuna binti aliyewahi kulifanya katika ukoo ule, amevaa mshanana, vazi la sherehe, nusu limefungwa, viatu mkononi. Akapiga magoti kando ya Silvère, akakichukua kiko mikononi mwake, akavuta kwa nguvu zote, akameza.

Alikohoa mpaka akashika mkeka. Alikohoa machozi yakashuka, na aliponyanyua uso alimrudishia bibi kiko kwa mikono miwili. "Tumepokea, Nyogokuru," alisema.

"Tumepokea, nani na nani?" Rugamba aliuliza. "Hatujamtoa bado."

"Amejitoa mwenyewe, mzee," alisema Ismaël. "Leteni ng'ombe."

Watu walianza kucheka tena, lakini Spéciose alikuwa bado amepiga magoti, anafuta macho kwa kiganja, anakitazama kiko kile.

"Ni hiki tu?" alisema. "Hiki ndicho baba alishindwa kukiacha kwa ajili yetu?"

Silvère aliushika mkono wake, na ulikuwa unanuka tumbaku, na hakuuachia. Kisha nyuma yao Gahongayire akaweka viganja mdomoni, akapiga vigelegele peke yake, virefu, huku analia, mpaka wanawake wote wakamwitikia.