Mizunguko Mitano ya Waya

Mimi nauza tambuu, na kwa miaka miwili nilikuwa mwongo. Naanza na hilo nisije nikajisahau katikati nikajifanya shujaa.

Kibanda changu kinatazamana na duka la fundi redio Rampukar, pale njia panda ya Kusumpur. Rampukar aliuawa mchana kweupe mbele ya duka lake. Tunnu Singh, mtoto wa mwenye tanuri la matofali, alimpiga kwa fimbo ya mwanzi yenye kofia ya chuma hadi damu ikajaa mtaroni, kwa kosa la kutoinuka kitini yeye alipopita. Niliona pigo moja moja. Mahakamani nikaapa kwamba nilikuwa nimeinama nakata popoo. Fundi cherehani akaapa alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. Soko zima siku ile eti lilikuwa limeinama! Kesi ikabaki inaning'inia, na hakimu akasema asipopata hata shahidi mmoja kabla ya msimu wa mvua, ataifuta.

Mjane wa Rampukar, Sulochana, akafungua duka upya. Hakujua hata upande upi wa betri ni chanya. Akanunua kiboksi cha vipande na karatasi ya maelekezo, kile cha wanaoanza kujifunza kutengeneza kirusha matangazo cha FM.

"Shemeji, umeamua kuwa mtangazaji?" nilimtania.

"Wewe funga mdomo, shemeji. Si ndiyo kazi unayoiweza?"

Nilistahili.

Cha kwanza kilitoa moshi, maana transista aliigeuza. Cha pili kililia shii tu, siku nne, hadi akagundua kwamba waya wa shaba una rangi juu yake na hajaikwangua. Akaikwangua kwa wembe, akauzungusha waya mara tano kwenye mrija wa wino wa kalamu, akalehemu, akaitanua ile mizunguko kwa njiti ya kiberiti. Nyimbo za adhuhuri, ambazo soko zima husikiliza, zikakatika kwenye redio yangu.

"Shemeji Bhikhan, chokaa yako leo imezidi," redio ikasema.

Niliruka nikamwaga bakuli la maji. Ng'ambo ya barabara Sulochana alikuwa anacheka, mara ya kwanza tangu azike. Kidude kile hakikufika mbali, kiliishia kwenye kinu cha unga. Tena kilikuwa na kasoro: mtu akikisogelea, sauti inakimbia, inabaki shii. Lazima usimame mbali nacho hatua mbili.

Siku ya tano tangu kidude kianze kusema, akamwambia mnyapara mmoja wa tanurini, "Kamwambie bosi wako nimepata shahidi."

Tunnu alikuja saa sita, peke yake, na fimbo ile ile. Hakuhitaji walinzi. Woga wetu ulimtosha.

Nyimbo zikakatika.

"Shahidi nani? Mtaje!" ilisema redio yangu, kisha shii. Tunnu alikuwa ameegemea meza, palipokuwa na kile kidude. Nikamwona Sulochana anarudi nyuma taratibu hadi ukutani.

"Njoo huku nikutajie," alisema kwa sauti iliyovuka barabara. Tunnu akamfuata, na sauti ikasafika. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba anamvuta makusudi, soko lote limsikie.

Pigo la kwanza nililisikia mara mbili, ng'ambo ya barabara na sikioni mwangu. Halafu kwa fundi cherehani, kwa muuza jalebi anayekaanga vitamu vyake vya shira, kwa kinyozi, redio ishirini zikipigwa pamoja. Mfupa ulivunjika, tukausikia wote.

"Ulimuua mume wangu!"

"Nilimuua, ndiyo! Mapigo matatu tu, mbwa yule! Na shahidi wako nani? Yule wa tambuu? Alisimama pale na mkasi mkononi akajikojolea. Muulize suruali yake!"

Hakuna aliyesogea. Muuza jalebi akanyoosha mkono, akapunguza sauti ya redio yake. Mkono ule ndio ulionitoa kibandani.

Nilivuka na mkasi wa popoo. Tunnu alikuwa ameinua fimbo, Sulochana yuko sakafuni, mkono wa kushoto umepinda pasipo na kiungo. Nilimchoma kifundo cha mkono, fimbo ikaanguka, nikaiokota. Nikampiga nayo gotini, akaanguka.

"Kaka," alisema. "Kaka Bhikhan, kaka yangu." Maisha yake yote aliniita *we tambuu*.

"Basi!" Sulochana alipiga kelele. "Shemeji, basi! Namtaka hai!"

Nilimsikia. Sitasema sikumsikia, nimeshasema uongo wa kutosha. Nilimpiga matatu, ya kichwa, na nilifurahi. Aliponyamaza kabisa nikasikia mtu anahema huko nje, sokoni kote. Nilikuwa mimi.

Polisi walipokuja, soko liliinama tena.

"Tulikuwa tunasikiliza nyimbo, afande," alisema fundi cherehani.

"Alijiangukia, huyo," akasema kinyozi.

Sulochana alikuwa hospitali. Muuza jalebi aliniletea sahani nzima ya jalebi, bure, akanipiga begani. "Tulia, bwana. Hakuna aliyesikia kitu." Nikala zote. Tamu kweli.

Baada ya wiki mbili Sulochana akaja kibandani, mkono umefungwa ubao.

"Wamefuta kesi," alisema. "Maiti haishtakiwi. Sasa nani alimuua Rampukar? Kwenye makaratasi, hakuna."

"Shemeji, nilikuokoa."

"Ulijiokoa wewe na suruali yako! Mimi nilihitaji mdomo wake, mbele ya hakimu. Mkono huu niliutoa mwenyewe. Nilisimama mbali na meza nivunjwe, ili ninyi msikie. Mkasikia. Halafu?"

Niliona aibu hadi masikio yakawaka.

Akatoa kile kidude kwenye mfuko, akakiweka juu ya majani yangu ya tambuu, akachomeka betri. Nyimbo za adhuhuri zikakatika soko zima.

"Usikiguse. Hatua mbili nyuma," alisema. "Sema."

Nilirudi hatua mbili. Fundi cherehani alisimamisha mashine, akanitazama, akatikisa kichwa: usifanye hivyo, mjinga wewe.

"Naitwa Bhikhan Chaurasia," nilisema. "Nilimwona Tunnu Singh akimuua Rampukar. Sikuwa nimeinama. Na Tunnu nimemuua mimi, akiwa chini, akiniomba."

Muuza jalebi akanyoosha mkono kwenye redio yake. Sulochana akageuka, akamwangalia, na mkono ukabaki hewani.

Nikaendelea, pigo baada ya pigo, la Rampukar kisha la Tunnu, hadi nikaona gari la polisi likikata kona ya kinu.