Lori Lililala Wapi

Kufikia saa tatu asubuhi, Marete alikuwa ameshatumbukiza mkono katika vikapu ishirini na saba. Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi hiyo. Alikunja mkono wa dastikoti, koti lake la kazi, mpaka juu ya kiwiko, akatanua vidole, akauzamisha mkono katikati ya majani ya chai mpaka ukagusa chini ya kikapu, kisha akatulia kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Majani yaliyochumwa alfajiri yalikuwa bado na ubaridi wa umande.

"Sawa," alisema, na mwenye kikapu akakisogeza kando ya ukuta mfupi wa kituo cha chai, akaketi kungoja lori.

Kupima kwenyewe kulingoja lori. Ndiyo sheria ya kiwanda: majani hayapandi mizani mpaka lori lifike, na mpaka yapande mizani ni mali ya mkulima. Yakinyeshewa, ni ya mkulima. Yakipata joto ndani ya kikapu yakaanza kuwa mekundu, ni ya mkulima vilevile. Lori lilipangiwa kufika saa sita. Kazi ya Marete, karani wa Kituo cha Kumi na Nne, huko juu ya Manyatta, ilikuwa kuhakikisha kwamba jani la moto halipandi lori hilo.

Kikapu cha ishirini na nane kililetwa na Ndambiri. Alikuwa mzee wa miaka sitini na minne, mrefu, na hata shambani alivaa koti lake la ngozi lililopasuka kwapani.

"Polepole, karani," alisema. "Hayo majani ndiyo yalilipia albamu."

Marete aliutoa mkono. "Imetoka?"

"Jana. Nyimbo tisa." Ndambiri alitoa simu yake ya kioo kilichopasuka pamoja na visikizi, akaviweka juu ya meza ya kuchambulia. "Nane unazijua, ni wewe ulipiga drami. Ya tisa niliirekodi siku moja wewe ukiwa hapa kazini. Uisikilize kabla ya saa nane."

"Si nitaisikia huko kwa ukumbi? Tulikubaliana nakuja."

"Isikilize kwanza. Halafu uniambie kama bado unakuja."

Akaenda zake kupanga viti katika ukumbi wa shule, ambako albamu ingezinduliwa alasiri hiyo, akamwacha Marete na foleni.

Urafiki wao ulikuwa wa miaka thelathini na minane. Marete alikuja Embu akiwa kijana kutoka Nkubu, akitafuta kazi, akapata fimbo za ngoma. Radi ya Kirimiri, bendi ya Ndambiri, ilipiga roki kwa Kiswahili na Kiembu wakati makanisa yote ya wilaya yalikuwa yanaiombea iangamie. Ndambiri aliandika nyimbo zilizotaja vitu kwa majina yake: daraja lililojengwa kwenye karatasi tu, chifu aliyekula mahindi ya msaada. Kisha gharama ya vyombo ikapanda, vilabu vikafungwa, na Ndambiri akaanza kuandika nyimbo za harusi. Baada ya harusi zikaja kampeni. Katika uchaguzi mmoja aliwasifu wagombea watatu wa kiti kimoja kwa tuni ileile, na watu hawakuchukia. Walicheka tu, jambo ambalo lilimuuma zaidi. Kwa miaka ishirini hakuna aliyemwomba wimbo mpya.

Mwaka huu alikodi chumba huko Manyatta, kibanda cha kuku cha zamani kilichobandikwa trei za mayai ukutani ili sauti isitoroke. Jumapili nane mfululizo, baada ya ibada, Marete alikaa nyuma ya drami humo ndani na kusikia gita likirudi kama mtu aliyepona malaria: kwanza likisuasua, kisha likisimama, mwishowe likidai chakula. Nyimbo hazikuwa na sifa za mtu yeyote. Moja ilihusu nesi anayeandika majina ya dawa zisizokuwepo. Nyingine ilihusu mwalimu anayefundisha watoto tisini. Marete alijua, kwa namna mpiga ngoma anavyojua bila kuambiwa, kwamba rafiki yake hajawahi kuandika vizuri hivyo, hata ujanani.

Foleni ilipopungua aliweka visikizi masikioni. Wimbo wa tisa uliitwa "Mkono". Ulikuwa na gita na sauti tu.

*Mkono huu ulishika fimbo za ngoma,*
*leo unashika joto la jasho langu.*
*Unauliza majani kwa nini yamechoka,*
*hauulizi lori lililala wapi.*

Marete aliusikiliza mpaka mwisho, akaurudia. Mara ya pili alisikia jambo ambalo mtu mwingine asingelisikia: kila baada ya mstari Ndambiri aliacha pengo la mapigo manne. Hakuwa amemweka mpiga ngoma mwingine. Alikuwa amemwachia nafasi.

Akavua visikizi, akautazama mkono wake. Ulikuwa wa kijani mpaka kwenye kiwiko.

Saa sita ikafika, lori halikufika. Saa saba Marete akampigia simu Oscar, afisa wa kiwanda aliyesimamia vituo saba vya upande huo.

"Mzee Marete, lori liko na shida kidogo. Ngojeni tu."

"Shida gani? Na yale malori mawili mengine?"

"Hayo hayana magurudumu tangu Machi, si unajua? Hili moja ndilo linazunguka kote."

"Hapa kuna vikapu arobaini na kimoja, bwana Oscar. Jua ni kali. Yakipata moto?"

"Kazi yako unaijua. Ya moto yarudi nyumbani. Na mzee, wiki ijayo nasaini kontrakti zenu. Nisisikie kituo chako kimeleta uchafu kiwandani. Sawa?"

Kontrakti ya Marete ilikuwa ya miezi sita, kama zote kumi na tisa alizowahi kutia saini. Ilikuwa imebakiza siku nane. Binti yake Ann alikuwa mwaka wa pili chuo cha ualimu huko Meru.

"Sawa," alisema.

Wakulima walikuwa wamevifunika vikapu kwa kanga na matawi, wakayageuzageuza majani kwa mikono ili yapumue. Wanja, mjane aliyeitwa Mama Muchangi na kijiji kizima, alikuwa wa kwanza kwenye foleni tangu saa mbili kasoro. Alikuwa akiwachekesha wenzake ili wasilale.

"Mmeona dukani? Sukari ya nusu kilo sasa wanaifunga kwa robo. Kesho kutwa watatuuzia karatasi tuilambe."

"Na huko kwa ukumbi, Mama Muchangi, si ulisema utaenda kucheza, uruke majoka?"

"Nitaendaje? Nimwachie nani hiki kikapu? Ningekuwa nimeacha mtoto angalau jirani angemlisha."

Hivyo ndivyo kila mmoja alivyowaza, na hivyo saa nane, Ndambiri alipopanda jukwaani katika ukumbi wa shule, alikuta mbele yake mchungaji mmoja, mwenye kukodisha viti, na wajukuu wake mwenyewe wanne. Wasikilizaji wake wote walikuwa wamefungwa kwenye vikapu vyao kilomita mbili juu mlimani.

Saa tisa kasorobo bodaboda ilipanda kilima ikiwa imebeba spika, betri ya gari na mzee mwenye koti la ngozi aliyekumbatia gita.

"Kama hamwezi kuja," Ndambiri alitangaza akishuka, "basi albamu imekuja foleni."

Watu wakapiga makofi. Aliunganisha nyaya chini ya paa la mabati, na kabla ya kuanza akaja karibu na meza. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Umenikasirikia?"

"Ungeniambia."

"Ningekuambia, ungeniomba nisiiimbe. Na mimi ningekubali, Marete. Nimekubali mambo mengi sana maisha haya."

Marete akasema tu kwamba yuko kazini na hawezi kupiga. Ndambiri akaitika kwa kichwa, akarudi kwa gita lake.

Alipiga nyimbo nane, na vikongwe waliosimama kwa shida wakatikisa mabega. Gita lilikwaruza mabati mpaka ndege wakahama. Ulipofika wimbo wa tisa hakuutangaza. Mstari wa pili ulipopita, vichwa vilimgeukia karani kimoja kimoja, kisha vikatazama chini kwa kumwonea aibu. Katika mapengo ya mapigo manne hakukuwa na kitu ila upepo. Marete alisimama wima nyuma ya meza, mikono mfukoni, na vidole humo mfukoni vilikuwa vinahesabu.

Waliuomba tena, na tena. Mara ya tatu Wanja na wengine waliujaza mstari wa mwisho kwa sauti zao, *hauulizi lori lililala wapi*, na ni wakati huo, saa kumi na moja na dakika ishirini, ambapo lori lilikunja kona.

Oscar alishuka kutoka kiti cha mbele, kijana nadhifu mwenye shati jeupe, akaitazama spika.

"Wazee wangu, hii ni nini tena? Mkutano? Mko na kibali?"

"Ni foleni," Wanja akamjibu. "Foleni siku hizi nayo inataka kibali?"

Watu wakacheka. Oscar alitabasamu nusu, akatazama saa. "Haya, mzee Marete. Anza kukagua, tumechelewa."

Marete akakisogelea kikapu cha kwanza, cha Wanja. Hakuhitaji kugusa, harufu ilimfikia puani, ile harufu tamu ya jani linaloungua bila moto. Alikunja mkono wa dastikoti kama alivyozoea. Kisha akaukunjua mkono wa koti tena, akaufunga kifungo.

"Leo weka wako," alisema.

"Nini yangu?"

"Mkono."

"Mzee, hiyo si kazi yangu."

"Hata mimi nimeona si yangu."

Hakuna aliyecheka sasa. Oscar aliwatazama watu arobaini waliokuwa wakimtazama, akavua saa, akakunja mkono wa shati, akauingiza. Aliutoa haraka kuliko alivyouingiza.

"Ya moto," alisema.

"Saa tatu yalikuwa baridi," Marete akasema. "Niliyagusa mimi mwenyewe. Mwambie mama."

"Anasikia."

"Mwambie yeye."

Oscar akamgeukia Wanja. "Mama, haya... haya ni ya moto. Hayawezi kwenda."

"Na lori lako lilikuwa wapi, kijana wangu?" Wanja aliuliza kwa upole kabisa, kama anayeuliza habari za nyumbani.

Oscar alikwenda kwenye kikapu cha pili, kisha cha tatu, na kila mara ilimbidi amtazame mwenyewe usoni na kulisema neno hilo, na kila mara sauti ilikuwa ndogo zaidi. Alichukua vikapu tisa vya waliochelewa kuchuma. Cha Wanja, cha Ndambiri na vya wengine thelathini alivikataa. Alipomaliza, shati lake lilikuwa la kijani mpaka begani, naye alikuwa na hasira ya mtu asiye na wa kumkasirikia ila mmoja.

"Lete dastikoti," alimwambia Marete. "Na funguo za mizani. Wiki ijayo usisumbuke kuja."

Marete alivua dastikoti, akaikunja vizuri, akaweka funguo juu yake. Lori likateremka likigongagonga, karibu tupu.

Ndambiri alikuwa anazungusha waya kwenye kiwiko.

"Ile ya tisa," Marete alisema hatimaye. "Inakimbia pale mwisho."

"Inakimbia kwa sababu hakuna wa kuishika."

"Jumapili?"

"Jumapili. Baada ya ibada."

Wanja alikuwa anahangaika kukipandisha kikapu mgongoni, ukamba umemkaba kwenye paji la uso. Marete alimtua, akajitwika mwenyewe. Njia ya kwenda kwa Wanja ilikuwa ya kupanda na yenye mawe. Katika miaka tisa na nusu alikuwa amelipima joto la majani kwa mkono mmoja, kwa sekunde tatu, kisha akalirudisha kwa mwenyewe. Sasa lilipenya shati, likamkaa mgongoni, na kila hatua lilizidi kuwa zito.

"Mwaga hapo chini ya miti," Wanja alisema walipofika shambani. "Yarudi kwa udongo."

Aliyamwaga. Mvuke ukapanda kutoka kwenye rundo lile jekundu. Wanja akakichukua kikapu, akakikung'uta mara mbili, akakitundika kwenye kigingi cha ua kikauke, kwa kuwa kesho ilikuwa siku ya kuchuma.