Waliolima Tovuti ya Melchior

Koko Adèle alikuwa akiipua chungu cha maharage, saa sita mchana, watu watatu wenye majembe walipoingia uani kwake pale Furu, mjini Butembo. Walikuwa na matope hadi magotini. Wa kwanza alikuwa msichana aliyevaa nguo za kulalia, kwa sababu kwao bado ilikuwa alfajiri. Nyuma yake alikuja mwanamume mwembamba mwenye miwani, kisha baba mmoja mnene ambaye aliegemeza jembe lake ukutani polepole ili lisiwaangukie kuku. Walisalimu, wakanawa mikono, wakaketi kwenye benchi.

Koko alimwita mjukuu wake. Melchior Kahongya alitoka katika chumba cha mbele, ambacho yeye alikiita ofisi na watu wengine wote walikiita chumba cha viazi, kwa kuwa magunia ya viazi yalikuwemo kabla yake na bado yalichukua nafasi kubwa kumzidi. Kazi yake ilikuwa kutengeneza tovuti za maduka ya vitenge, za kwaya, za wauza vipuri vya pikipiki. Mlangoni alikuwa amebandika karatasi iliyomtaja kuwa mkurugenzi mkuu. Chini yake hakukuwa na mtu wa kuongoza, kwa hiyo alijiongoza mwenyewe, na mara nyingi hakujitii.

Aliwatazama wageni akawatambua kwa kazi zao. Asubuhi ile alikuwa ameanza tovuti ya fundi cherehani, na kama kawaida yake alichukua plagini, yaani vile vipande vya programu ambavyo watu wa mbali huvitunga na kuviacha wazi, ili kila anayetaka avichomeke katika tovuti yake bila kulipa. Msichana ndiye aliyetunga kile cha kupitisha picha moja baada ya nyingine. Yule mwembamba alitunga kalenda. Baba mnene alitunga kisanduku cha kuandikia ujumbe.

"Ulibaita?" koko aliuliza.

"Hapana, koko. Nilibeba tu bitu yao ya bure."

"Na balilima shamba yako?"

Melchior alifikiri. Alilazimika kukubali kwamba wao ndio waliolima karibu shamba lote, na yeye alifika mwishoni kupanda jina lake chini ya ukurasa, baada ya kung'oa majina yao.

"Basi batakula," koko alisema.

Kwao Vuhovi, alikokulia, jambo hilo halikuwa na mjadala. Majirani wakija kukulimia, huwalipi, lakini chakula kinatoka chunguni mwako, na mwenye shamba anakula mwisho, akiwa amesimama. Kwa hiyo Melchior alisimama. Baba mnene aliona sahani ya mkurugenzi ina mchuzi mtupu, akamsogezea nusu ya parachichi lake.

Tangu hapo walikuja kila siku aliyofanya kazi, na wengine wapya pamoja nao, kutegemea alichokuwa amechukua asubuhi. Jirani wa upande wa pili, ambaye ni Mprotestanti, aliazima benchi la kanisa lao akalileta kwa Koko Adèle ambaye ni Mkatoliki. Msichana wa picha alipatiwa kitenge cha kujifunika. Melchior alikonda. Ili kupunguza wageni, aliamua kutunga mwenyewe kile cha kupitisha picha. Alihangaika nacho asubuhi nzima, na kilipomalizika picha zilipita, lakini zilirudi nyuma tu. Mchana ule hakuja mtu mwingine, akaenda kukaa kwenye benchi peke yake. Koko alimpa viazi na kumwambia kwamba kwa kazi ya namna ile asingojee nyama.

Kisha alikuja Solange kutoka Beni. Alikuwa mama wa kamati ya parokia moja, iliyokusanya habari za familia zilizotawanywa na vita kutoka vijiji vya upande wa Mbau. Alitaka tovuti yenye ramani. Kila aliyekimbia aweke alama mahali alipo sasa, na ndugu yake aione hata kwenye simu ndogo, hata mtandao ukiwa dhaifu. Padri angeitangaza Jumapili, baada ya misa. Solange mwenyewe alikuwa akimtafuta mdogo wake, Jemima. Mara ya mwisho alimwona kwenye barabara ya Oicha, amebeba mtoto wa jirani mgongoni, kwa sababu jirani alikuwa na wawili na mgongo mmoja.

Melchior alimwambia hiyo ni kazi ndogo. Alichukua ramani ya bure iliyosifiwa kwa wepesi wake, akaichomeka, akajiegemeza kwenye gunia la viazi kama mtu aliyechoka kwa kazi. Saa sita wageni walikuja wote, isipokuwa mtunzi wa ramani. Koko alimwekea sahani yake, akaifunika.

Jioni ile Solange aliingiza familia za kwanza. Wote waliojificha katika vijiji vidogo walionekana baharini, magharibi ya Afrika, mbali sana na pwani. Solange aliisogelea skrini.

"Melchior," alisema, "mudogo yangu hajue kuogelea."

Melchior alimwandikia mtunzi wa ramani palepale. Alisema kwamba yeye, mkurugenzi mkuu, amesikitishwa sana, na kwamba kasoro hiyo iondolewe kabla ya Jumapili bila visingizio. Aliandika kama mtu aliyeitolea ramani hiyo mbuzi wa mahari.

Kesho yake saa sita mtunzi alifika. Alikuwa mzee aliyevaa sweta ya sufu, jina lake Edmond, na jembe lake lilikuwa limelika hadi kubaki kama kijiko. Wenzake wote walisimama wakamwachia benchi. Koko alimletea sahani. Alikula bila kuinua kichwa, akaongezewa, akala tena. Halafu alieleza, kwa Kifaransa cha polepole, kwamba jana asingeweza kuja kwa kuwa alikuwa kwenye foleni mahali pengine. Ramani yake imo katika benki, katika kampuni za ndege, katika majumba marefu ya miji mingi, na kila mchana inambidi asimame mbele ya milango hiyo na jembe lake. Haijafunguliwa. Hii ndiyo sahani yake ya kwanza tangu mke wake afe. Ujumbe wa Melchior hakuutaja kabisa, na koko aliliona hilo, akamwongezea mzee sombe, yale majani ya muhogo.

Edmond alisema angewaonyesha kasoro ilipo, lakini yeye hana nguvu tena ya kuitengeneza wala kuitunza ramani. Leo analiweka jembe chini. Asipopatikana wa kulishika, ramani itaendelea kuoza hivyohivyo, na watu wa Mbau watabaki majini.

Melchior alitazama kushoto na kulia, kama mkurugenzi anayetafuta wa kumtuma. Kulikuwa na kuku.

"Lakini mimi niko na kazi mingi," alisema.

"Kazi ya nani?" koko aliuliza.

Solange, aliyekuwa amerudi kuiangalia ramani, alikuwa akifuta picha ya Jemima kwa pindo la kitenge, ingawa haikuwa na vumbi.

Melchior aliinama akaliokota jembe. Lilikuwa jepesi kuliko alivyodhani, na hilo halikumfurahisha.

Kasoro yenyewe ilikuwa ndogo. Kijiji ambacho ramani haikukijua, ilikihesabu kuwa sifuri, na sifuri ya ramani zote iko kule baharini. Koko Adèle aliyekuwa akichambua sombe alisikiliza maelezo hayo hadi mwisho.

"Kama haujue mutu iko wapi, usimutie mu mayi," alisema. "Uliza."

Basi Melchior aliifundisha ramani kuuliza. Ikikutana na mahali isipopajua, iulize mto ulio karibu, soko la karibu, kanisa la karibu. Alikosea, Edmond akamsahihisha, akakosea tena palepale, na mzee hakumcheka. Msichana wa nguo za kulalia alicheka kwa niaba yake. Jua lilipoanza kushuka, watu wa Mbau walitoka majini mmoja mmoja wakarudi nchi kavu. Edmond alimuaga koko, akamshika Melchior bega, akatoka kwa mlango wa ua mikono mitupu. Hakuonekana tena.

Jumapili, pale Beni, watu walifungua tovuti kwenye simu zao mbele ya kanisa. Alama moja iliwaka Luofu, kusini kabisa mwa Lubero. Ilikuwa ya Jemima, na ujumbe mfupi chini yake. Alikuwa akilima maharage kwa watu waliompokea, na yule mtoto wa jirani alikuwa hai, ameota meno. Solange alipiga magoti kwenye mchanga. Baadaye alipewa nafasi ya kusema, akamshukuru Mungu, padri, kwaya, na kampuni ya simu kwa mtandao ambao siku hiyo haukukatika. Watu walipiga makofi. Melchior, aliyekuwa amevaa koti kwa ajili ya kutajwa, alipiga makofi pia.

Jumatatu, saa sita mchana, Melchior alijikuta mbele ya mlango wa kioo katika mji asioujua, na jembe mkononi, na matope hadi magotini. Ilikuwa nyumba ya kampuni inayowapelekea watu chakula cha moto majumbani, na ile ramani ya Edmond ndiyo iliyowaonyesha njia waendeshaji wake. Pikipiki zilitoka moja baada ya nyingine, zikiacha harufu ya kuku wa kukaanga. Mlinzi aliangalia pale alipokuwa Melchior, akapiga miayo. Kwenye ukingo wa barabara walikuwa wamekaa wengi wenye majembe. Msichana wa picha alikuwemo, amejifunika kitenge cha koko. Alimsogelea mwenzake ili Melchior apate nafasi.

Melchior aliuliza mlango unafunguliwa saa ngapi. Msichana alimjibu kwamba haufunguliwi. Wanakaa hadi saa saba, halafu wanarudi kazini.

Alirudi Butembo na njaa yake. Koko alitazama magoti yake, akauliza kama huko alikolima walimpa kitu. Melchior akasema hapana, koko, bako na mambo mingi. Koko alifunua sahani. Alimwambia akae leo, asisimame, kwa kuwa sasa ni mlimaji kama wengine, na Melchior alikaa.

Kesho yake, saa sita ilipokaribia, alikunja suruali mapema.